Mwakani Liban Atatubeba

Kuna harufu moja ambayo hainipiti bila kunisimamisha: harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa mvua, yakikauka taratibu juu ya hita. Wiki iliyopita niliisikia kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, na kabla sijafungua vifungo vya koti langu mwenyewe nilikuwa nimeshakuwa tena mtoto wa miaka kumi. Nimekaa kwenye benchi refu la mbao, miguu haifiki chini, mkononi nina kikombe cha chai ya tangawizi, na mbele yangu vijana kumi wanakimbizana, viatu vyao vinalia juu ya sakafu kama panya waliokanyagwa mikia.

Ukumbi huo ulikuwa Washwood Heath, mjini Birmingham, Uingereza, mitaa michache kutoka kwetu, na timu yetu ya mpira wa kikapu ilikuwa ikicheza hapo kila Jumamosi mchana. Kwa Kiingereza ilikuwa na jina refu la ndege fulani mwindaji. Sisi tuliiita Kozi, basi. Haikuwa timu kubwa. Watazamaji wakijaa sana walikuwa hamsini, na kati ya hao, kumi walikuwa wameingia kujikinga na mvua. Hizo zilikuwa ndizo siku za mwanzo wa miaka ya elfu mbili, na sidhani kama kuna gazeti lililowahi kuandika habari zetu zaidi ya mistari mitatu.

Benchi letu lilikuwa la watu wanne. Wa kwanza ni baba yangu, mtu wa Zanzibar, aliyefanya kazi kwenye karakana ya treni kule Tyseley. Nyumbani alikuwa mpole hata akiomba chumvi utadhani anaomba radhi. Ukumbini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimama, akapiga makofi, akamfundisha refa kazi yake kwa Kiswahili, na mpira ukiingia kikapuni alinibusu kipajini kana kwamba nimeufunga mimi. Wa pili ni Bi Saada, mama wa Kisomali aliyekulia Nairobi, mwenye duka la vitambaa na tende. Yeye ndiye aliyekuja na chupa ya chai na sambusa, na sauti yake ilikuwa ikifika mlangoni kabla ya yeye mwenyewe. Wa tatu, Papa Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa tai na kofia, ambaye mpwa wake Trezo alikuwa mmoja wa wachezaji. Wa nne nilikuwa mimi, Zuhura, ambaye wote waliniita Zu.

Kiswahili cha watu hawa watatu hakikufanana hata kidogo. Baba alisema "watoto hawa," Bi Saada akasema "hawa vijana," na Papa Kasongo akasema "batoto hawa." Mara nyingine walibishana dakika nzima kabla ya kugundua kwamba wanasema jambo lile lile. Mimi, mzaliwa wa Birmingham, niliwaelewa wote na kuwajibu wote kwa Kiingereza, na walikuwa wameshanizoea.

Mechi ya mwisho ya msimu ninaoukumbuka ilianza vibaya. Tulikuwa wa pili kutoka mkiani, wachezaji wetu wanne wakubwa walikuwa wameshatangaza kwamba wanaondoka, na walicheza kama watu ambao mizigo yao imeshafungwa. Mpaka robo ya mwisho inaanza tulikuwa nyuma kwa pointi ishirini na moja. Kocha wetu, bwana mmoja mrefu aliyeitwa Errol, akawatazama wale wakubwa, akatikisa kichwa, akawaita nje. Akawaingiza watoto.

Ninaposema watoto, nawafuata wazee wetu. Trezo alikuwa na miaka kumi na sita, mfupi, mwepesi, mpira ukidunda mkononi mwake kama umefungwa kamba. Liban alikuwa na kumi na saba, na alikuwa mrefu kiasi kwamba akipita mlangoni aliinama kwa mazoea hata pale pasipohitaji kuinama. Alizaliwa Nairobi kwa wazazi Wasomali, akapelekwa Uholanzi akiwa na miaka tisa, kisha wakaja Birmingham. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha mtoto wa miaka tisa wa Nairobi, jambo lililomfurahisha sana Bi Saada.

Dakika kumi zile sijui nizieleze vipi. Trezo alipenya, akatoa pasi bila kutazama, na Liban alikuwa pale pale, mkono juu, mpira ndani. Kisha tena. Kisha Liban akauzuia mpira wa adui kwa ncha za vidole na ukumbi mzima ukasema "Aah!" kwa lugha moja. Pointi ishirini na moja zikawa kumi na tano, zikawa tisa, zikawa tatu. Papa Kasongo alivua kofia. Bi Saada alimwaga chai kwenye viatu vya Baba na hakuna aliyejali, hata Baba. Tukafika sekunde za mwisho tuko nyuma kwa pointi moja tu, na refa akapiga filimbi: Liban ameangushwa, apewe mitupo miwili huru.

Alikosa wa kwanza. Akadundisha mpira mara tatu, akavuta pumzi, akatupa, mpira ukazunguka juu ya chuma cha kikapu, ukafikiri, ukaamua kuanguka nje.

Liban akavuta fulana yake akafunika uso. Alikaa vile mpaka Trezo alipokuja kumshika mkono. Lakini benchi letu, wallahi, hamjawahi kuona watu walioshindwa wakafurahi vile. Baba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Mmeona? Mmewaona hawa?" aliuliza, kana kwamba sisi tulikuwa mahali pengine. Papa Kasongo akavaa tena kofia yake, akaiweka sawa, akatamka kama hakimu: "Miye nawaambia. Mwaka ijayo, batoto hawa hakuna mutu atabakamata."

Hivyo ndivyo ilivyoanza mwakani.

Majira yale ya joto sikusikia neno jingine. Wengine walikuwa na kombe la kandanda na mashindano ya tenisi. Sisi tulikuwa na mwakani. Wazee wangu walikutana dukani kwa Bi Saada, kati ya marobota ya vitambaa, na kuupanga msimu ambao ulikuwa bado miezi mitano mbele. Trezo alikuwa dhaifu mkono wa kushoto, kwa hiyo Papa Kasongo akaamuru kuanzia sasa afanye kila kitu kwa kushoto. Baba akapinga: kijana hawezi kula kwa mkono wa kushoto, hata kwa ajili ya ubingwa. Walijadiliana alasiri nzima. Wakakubaliana kwamba atapigia mswaki tu, na kufungulia milango.

Liban, kwa upande wake, alihitaji mwili. Bi Saada alimtumia maziwa, tende na samli kwa kila mtu aliyekuwa na safari ya Shard End, ambako Liban aliishi na mama yake. Siku moja alipita kwetu kuchukua furushi la mikate ya mofa aliyopikiwa na mama yangu, na Baba akamsimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni, akachora alama ya kalamu juu ya kichwa chake. Baada ya wiki tatu akamsimamisha tena. "Kaongezeka!" Baba akashangilia. Mama yangu, aliyekuwa akikata vitunguu, akasema bila kugeuka kwamba safari hii kavaa viatu.

Mama hakuwa mshabiki. Alituangalia sote kwa jicho la mtu anayeangalia maziwa yaliyo jikoni. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alisema mara moja. Baba akamjibu kwamba sisi hatumsifu mgema, tunamtayarisha. Mama akaguna.

Lakini matumaini hayakai mahali padogo, hukua. Mwezi wa tano walikuwa wanasema tutamaliza katikati ya msimamo. Mwezi wa sita, tutakuwa wa tatu. Wa saba, mtu akithubutu kutaja nafasi ya pili alionekana hana imani. Bi Saada akakata kitambaa cha kijani chenye maua ya dhahabu kwa ajili ya bendera. Baba akaomba karakana wambadilishie zamu zake zote za Jumamosi kuanzia Oktoba, akapewa za Jumapili. Na katika kila mazungumzo, jina lililorudi lilikuwa moja. Trezo ni mzuri, ndiyo, Trezo ni moto. Lakini Liban ndiye nguzo. Mwakani Liban atatubeba.

Siku moja, nimekaa juu ya robota nikila tende, Papa Kasongo akauliza, "Na akikosa tena ile mitupo?" Baba akajishika kichwa, akaigiza mtu anayejificha nyuma ya pazia la kitambaa. "Akikosa tena, jamani, mie sijui nyuso zetu tutazificha wapi! Itabidi nihame mji." Wakacheka mpaka Bi Saada akashika meza. Nami nilicheka.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Karibu na kwetu palikuwa na bustani yenye uwanja wa saruji na kikapu kimoja kisicho na wavu. Liban alikuja kufanya mazoezi pale alasiri baadhi ya siku, peke yake, na mimi nilikuwa mwokota mipira wake wa kujitolea. Siku hiyo alikuwa akitupa mitupo huru, mmoja baada ya mwingine, kutoka pale pale. Nilimrudishia mpira na nikaona, kwa hekima ya miaka kumi, kwamba huyu mtu anahitaji kujua jinsi anavyopendwa.

Nikamwambia yote. Nilimwambia kwa Kiingereza changu, lakini maneno makubwa nikayaacha kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia. Kwamba yeye ndiye nguzo. Kwamba mwakani atatubeba. Kwamba Bi Saada ameshakata bendera, na Baba amebadilisha kazi yake kwa mwaka mzima ili aje kumwona yeye.

Liban akaushika mpira, hakuutupa. "Mwaka mzima?"

"Ndiyo," nikasema kwa fahari.

"Na nikimiss je?"

Nilikuwa na jibu tayari, kwa maneno ya Baba mwenyewe. "Baba amesema ukikosa tena, hajui nyuso zetu tutazificha wapi. Itabidi ahame mji."

Nilikuwa nimeyabeba maneno nikakiacha kicheko dukani. Liban alinitazama kidogo, kisha akatazama kikapu, kisha akaniwekea mpira mikononi. "Sawa, Zu," akasema. "Wacha niende nyumbani." Akaondoka bila mpira wake. Nilimwita, akapunga mkono bila kugeuka.

Mazoezi ya timu yalianza mwishoni mwa Agosti. Liban hakuja. Wiki ya pili hakuja. Kocha Errol alimpigia simu, akaambiwa ana masomo. Trezo alipoulizwa na mjomba wake akainua mabega tu.

Dukani kwa Bi Saada palikuwa kama hospitalini. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Papa Kasongo alikuwa na hakika timu ya Coventry imemwiba. Bi Saada alisema ni jicho: kijana amesifiwa mno mbele za watu, na watu si wote wema. Baba alikuwa akipanga na kupangua tende kwenye sahani, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya robota langu na mpira wa Liban uko chini ya kitanda changu kwa wiki tano sasa.

Jumapili moja asubuhi Baba alikuwa sebuleni anapiga pasi shati lake la kazi, nikaenda nikasimama karibu yake, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikamsemesha kwa Kiswahili, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la Kiswahili.

"Baba, ni mimi niliyemfukuza Liban."

Akaiweka pasi wima. Nikamweleza bustani, bendera, zamu za kazi, nguzo. Nikamalizia na zile nyuso za kuficha. Nilikuwa nasubiri kugombezwa. Ningependa hata kugombezwa. Baba aliutazama mkono wa shati, mpaka nikadhani hajasikia.

"Aliyesema ni nani?" akauliza mwisho.

"Mimi."

"La. Wewe umefikisha. Aliyesema ni mimi." Akaitoa pasi kwenye umeme. "Kalete huo mpira. Kesho nikitoka kazini tutakwenda kwao."

Siku ya pili alitoka kazini alasiri, akaoga, akavaa koti lake la Idi, na tukapanda basi mbili mpaka Shard End, ukingoni kabisa mwa mji, ambako nyumba zinafanana mpaka unahesabu milango. Mpira nilikuwa nimeupakata. Baba alikuwa amebeba visheti vya Mama kwenye mkebe. Njiani midomo yake ilikuwa ikijongea, kama mtu anayejifunza hotuba.

Mama yake Liban alitufungulia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho ya uchovu, amevaa bado sare ya kazi yake ya kutunza wazee, na alipomwona mwanamume asiyemjua amevaa koti zuri, na mtoto na mpira, nadhani alifikiri mwanawe amevunja dirisha. "Karibuni," akasema kwa Kiswahili cha Nairobi. "Kuna shida?"

"Hapana shida, dada. Nimekuja kumwomba kijana radhi."

Akatuangalia tena, mmoja mmoja. Kisha akamwita Liban, akatuwekea chai ya maziwa yenye iliki, akakaa nasi, kwa sababu jambo kama hilo hakutaka kusimuliwa. Liban alishuka ngazi akainama kwenye mlango usiohitaji kuinama. Akatusalimia, akakaa ncha ya kiti.

Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiomba radhi kwa kijana. Kwetu radhi hupanda juu, haishuki. Baba alikiweka kikombe chini, akasema:

"Liban, mwanangu. Mwanangu mdogo huyu alikuletea maneno. Maneno ni yangu. Niliyasema kwa mzaha, lakini mzaha mbaya, nami ni mtu mzima, nilipaswa kujua. Sikuja kukutaka urudi timu. Ukirudi, heri. Usiporudi, heri. Nimekuja kukwambia kitu kimoja. Ile siku uliyokosa, nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko siku yoyote mwaka ule. Muulize huyu. Sikufurahi kwa kuwa nilidhani mwakani utafunga. Nilifurahi kwa nilichokiona. Nimeshakiona. Huna deni nami."

Liban alikuwa akitazama mazulia. Mama yake alikuwa akimtazama Baba. Mimi nilikuwa nikitazama visheti, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

"Sawa, uncle," Liban akasema. "Asante." Nilimpa mpira wake, akaupokea. Mama yake alitusindikiza mpaka langoni, na akamwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba kijana huyu, tangu baba yake afariki kule Uholanzi, hakuna mtu aliyeketi naye kuongea kama mwanamume.

Kwenye basi nilikuwa nimekasirika. Tumepanda basi mbili, tumepeleka visheti vyote, na Baba hakumwomba arudi! Nilimwambia hivyo, kwa Kiingereza, kwa ukali. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini sikwenda kumwomba arudi," akasema. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akaanza kuimba chini kwa chini, mtu mwenye furaha kabisa.

Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Tulipoingia ukumbini nilimwona kabla ya wengine, kwa sababu kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vyote: Liban, amevaa jezi, anapasha mwili. Nilimvuta Baba mkono. Baba akatikisa kichwa taratibu, kisha akageuka akatupa amri, yeye mtu wa kuomba chumvi kama radhi. Hakuna kuita jina lake. Hakuna bendera. Hakuna kumwonyesha kwamba tunamsubiri. Tutazame mpira kama watu wastaarabu.

Bi Saada akaikunja bendera yake, moyo unamuuma, akaikalia. Papa Kasongo akaweka kofia magotini. Tukakaa wanne, mikono mapajani, kama tumeenda kumpa mtu pole.

Mchezo ukaanza. Liban akatupa mara ya kwanza, akakosa. Sisi kimya. Akatupa mara ya pili, akakosa. Nikamsikia Bi Saada akimeza kitu. Mara ya tatu mpira haukugusa hata chuma. Baba alikuwa ameuma ncha ya skafu yake. Basi mpira ukatoka nje, ukabingirika mpaka miguuni petu, na Liban ndiye aliyekuja kuuchukua. Akaupokea kutoka kwa Papa Kasongo. Akatuangalia, wote wanne tulivyojipanga, na uso wake ukakunjamana.

"Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Mmefiwa?"

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni Trezo, aliyekuwa nyuma yake. Bi Saada hakungoja ruhusa ya mtu. Akasimama, akaivuta bendera kutoka chini yake, akaikunjua yote, yadi nne za kijani na dhahabu, na akapiga kigelegele kilichomfanya refa ashike sikio. "Haya twende, Liban! Kosa tu, mwanangu! Kosa mpaka uchoke, sisi tuko hapa!" Baba alikuwa juu ya benchi. Juu ya benchi, na viatu! Papa Kasongo alikuwa anapiga kofia yake kwenye goti na kupiga kelele za Kifaransa.

Liban akatikisa kichwa, akacheka, akaurusha mpira ndani. Mtupo wa nne aliufunga. Sitasema mingine, kwa sababu hesabu yake siikumbuki; nakumbuka tu kwamba koo liliniuma siku tatu. Tulishinda mechi ile kwa pointi sita. Msimu ule hatukuwa mabingwa, wala wa pili. Tulimaliza wa nne, na Papa Kasongo, baada ya mechi ya mwisho, akavaa kofia yake, akaiweka sawa, akatangaza kwamba mwaka ijayo hakuna mutu atabakamata.

Liban alicheza nasi miaka mitatu mingine, kisha akaenda kusomea uhandisi. Wala hatukumpoteza, alikuja kwenye harusi yangu na wanawe wawili, na aliinama kwenye mlango wa ukumbi.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha ulimi wangu, jinsi mtoto alivyokaribia kuiangusha timu kwa kupeleka maneno. Nilidhani nimeshakielewa. Kisha, miaka michache iliyopita, ami yangu Suleiman, kaka yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Unguja. Alasiri moja, Baba akiwa msikitini, tulikaa tukamenya machungwa, na ami akaanza kunihadithia jinsi Baba alivyoondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Ukoo mzima ulimchangia nauli. Alikuwa anakwenda Uingereza kuwa injinia. Mtaani walianza kumwita Injinia kabla hajapanda ndege. Watoto wadogo hawakulijua jina lake jingine.

Alifeli mtihani wa kwanza. Akarudia, akafeli tena. Akapata kazi ya kufagia mabehewa kule Tyseley, na kwa miaka miwili hakuandika barua wala kupiga simu, kwa kuwa hakujua aanzeje. Bibi alimwombea dua ya maiti mara moja, kisha akakataa kuamini kwamba amekufa, akamwombea ya msafiri.

"Sisi hatukujali huo uinjinia," ami akasema, akinipa kipande cha chungwa. "Tulimtaka yeye tu. Lakini tulidhani analijua hilo. Hakuna aliyemwambia."

Nilimsikia Baba akifungua mlango wa mbele, akivua viatu, akikohoa kikohozi chake cha kutujulisha kwamba amerudi. Akaingia, mzee sasa, mgongo umepinda kidogo, akatuuliza mbona tumenyamaza. Nikainuka nikampa kiti changu, nikammenyea chungwa. Nilitamani kumwambia kwamba nimejua sasa alikwenda Shard End kufanya nini. Alimpelekea mtoto wa watu maneno ambayo yeye mwenyewe, katika umri unaokaribia huo, aliyasubiri miaka miwili mlangoni, na hayakuletwa.